Upweke Si Ugonjwa wa Matajiri Tu

Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilimteua Bibi Tracey Crouch awe waziri wa kushughulikia upweke. Mwaka 2021 Serikali ya Japani nayo ikaweka waziri wa namna hiyo. Habari hiyo ilipotajwa darasani kwetu, wengi walicheka. Walisema kwamba sisi tuna ndugu na majirani, na kwamba ugonjwa huo ni wa matajiri wanaojifungia milango. Kwa maoni yangu, kicheko hicho hakina msingi.

Mwezi wa Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba mtu 1 katika kila watu 6 ulimwenguni anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke wahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Lakini yako mengine ya kustaajabisha zaidi. Katika nchi zenye kipato kidogo, watu 24 hivi katika kila 100 walisema kuwa ni wapweke. Katika nchi tajiri walikuwa 11 hivi. Tena vijana waliosema hivyo ni wengi kuliko wazee. Basi, wapenzi wasomaji, jambo hili ni letu.

Yafaa tuelewe kwanza upweke ni nini. Kuwa peke yako si lazima kuwa mpweke. Mvuvi aliye peke yake baharini usiku huenda asione upweke, maana anajua ni nani anayemngoja pwani. Lakini mgeni wa kidato cha kwanza aweza kulala katika bweni lenye vitanda 80, asiwe na hata mtu mmoja wa kumwambia neno la moyoni.

Sababu zake twaziona kila siku. Vijana huenda mjini kutafuta kazi, na wazee wakabaki kijijini. Umaskini nao huwatenga watu: asiye na nauli haendi mazishini, na asiye na mchango huona haya kwenda harusini. Kisha iko simu. Simu ni chombo chema, kwani humletea mama sauti ya mwanawe aliye mbali. Hata hivyo, siku za likizo utaona jamaa watano wameketi sebuleni, kila mmoja ameinamia yake, na hapana asemaye na mwenziwe.

Wengine watasema kwamba mila zetu zatutosha. Mimi nasema mila ni kama shamba. Lisipolimwa huota magugu. Hebu tutazame jinsi tunavyosalimiana. Twaulizana habari za nyumbani, za kazi, za watoto, na kwa kila swali jibu ni "nzuri". Mwenye msiba wa moyoni hujibu "nzuri" kama sisi sote, nasi tukaenda zetu tumeridhika. Salamu ndefu namna hiyo yaweza kumficha mtu badala ya kumfunua.

Basi tufanye nini? Sisi wanafunzi, na hasa viranja wa mabweni, tusingoje mgeni aje kwetu; tumwite tule naye, tumwulize mara ya pili baada ya kusema "nzuri". Wakati wa likizo, twende kwa mzee anayeishi peke yake, tumchotee maji na kukaa naye tukisikiliza hadithi zake. Nawaomba walimu wetu wasiharakishe kumwita mwanafunzi mkimya kuwa ni mwenye kiburi. Huenda ukimya wake una sababu. Nao wazazi wetu, ambao kwa taabu nyingi hututafutia ada na matumizi, nawasihi watuulize pia habari za marafiki zetu, wasiulize maksi peke yake. Mtoto aweza kuwa wa kwanza darasani na wa mwisho kwa furaha.

Mambo haya hayahitaji fedha wala kamati. Uingereza na Japani ziliona tatizo zikaweka mawaziri, nasi tusizicheke. Lakini waziri hawezi kupiga hodi katika kila nyumba. Jirani aweza.