MPAKA USIGEUZWE KITEGA UCHUMI

Mwingereza mwenye nyumba ndogo ya likizo katika pwani ya Hispania, tuseme karibu na Alicante, alipokwenda kuifungua nyumba yake wakati wa kiangazi cha mwaka 2019, simu yake ya mkononi ilifanya kazi kule kwa bei ile ile ya nyumbani kwake. Kiangazi cha mwaka 2022 mambo yalikuwa yamebadilika. Kama alikuwa amejiandikisha hivi karibuni na kampuni ya EE, Vodafone au Three, alitakiwa kulipa hadi paundi 2 kwa kila siku aliyoitumia simu hiyo nchini Hispania. Mnara ulikuwa ule ule juu ya kilima kile kile. Waya zilizopita chini ya bahari zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni sheria. Tarehe 31 Desemba, 2020, kipindi cha mpito cha Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya kilikwisha, na amri iliyoyakataza makampuni kumtoza mteja nyongeza kwa sababu tu amevuka mpaka ikapoteza nguvu yake katika nchi hiyo.

Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini na kila anayefundishwa, au anayewafundisha wengine, kwamba bei ya huduma hutokana na gharama ya kuitoa.

Wapo watakaouliza: mtu mwenye nyumba mbili, moja ya kuishi na nyingine ya kuotea jua, ana haki gani ya kulalamika mbele ya watu wasio na hata moja? Swali hilo lina uzito na halifai kupuuzwa. Ni kweli wamo tajiri ambao hawajapata kuisoma ankara ya simu maishani mwao. Lakini wamo pia walimu wastaafu, wauguzi na mafundi, walionunua vyumba viwili kwa akiba ya miaka thelathini, na ambao kila paundi yao ina kazi yake. Isitoshe, tozo haimchagui mwenye nyumba peke yake. Inamkuta dereva wa lori anayepeleka mizigo Ufaransa, na inamkuta muuguzi wa Kireno anayefanya kazi London, siku anapokwenda Porto kumwona mama yake. Mwenye nyumba ya likizo anafaa kuwa mfano kwa sababu moja tu: yeye huenda mahali pale pale, mwaka hata mwaka, na kwa hiyo anaweza kulinganisha ankara moja na nyingine.

Utaratibu wenyewe si wa kutatanisha kama makampuni yanavyopenda watu waamini. Mtu anapowasha simu yake ugenini, mtambo wa nchi ile huuliza mtambo wa nyumbani kwake kama anajulikana. Ukijibiwa kwamba anajulikana, humhudumia; kisha kampuni moja huidai nyingine. Deni hilo la kampuni kwa kampuni ndilo gharama, na kwa miaka mingi mteja hakuwa na njia ya kulijua. Aliona tarakimu ya mwisho tu, akalipa, akanuna.

Ilihitajiwa sheria kuufungua mlango huo. Viviane Reding wa Luxembourg, aliyekuwa Kamishna wa Umoja wa Ulaya mwenye dhamana ya mawasiliano, ndiye aliyelisukuma jambo hilo mbele, na makampuni yakalipinga. Tangu tarehe 30 Juni, 2007, bei ya kupiga simu ugenini ikawekewa kikomo cha senti 49 za Yuro kwa dakika, na ya kupokea senti 24, kabla ya kodi. Naam, kupokea! Mtu aliyepigiwa simu na jirani kuambiwa kwamba bomba limepasuka nyumbani alilipia habari hiyo mbaya. Intaneti ilichelewa zaidi. Mwaka 2012 ndipo bei yake ya rejareja ilipowekewa kikomo cha senti 70 kwa megabaiti moja. Mwalimu yeyote wa hesabu akiizidisha mara elfu atapata Yuro 700 kwa gigabaiti. Na hicho, izingatiwe, kilikuwa kikomo cha kumlinda mteja! Tarehe 15 Juni, 2017, nyongeza hizo zikafutwa, msafiri akatumia simu kwa bei ya kwao. Hivi sasa kikomo cha bei ya jumla, yaani ile inayotozwa kampuni na kampuni mwenzake, ni Yuro 1.10 kwa gigabaiti kwa mwaka 2026, na Yuro 1 kwa mwaka 2027.

Itasemwa kwamba mitambo imekuwa nafuu zaidi katika miaka hiyo, na kwamba bei ya rejareja si sawa na ya jumla. Ni kweli. Basi na zikatwe robo tatu nzima za zile Yuro 700 kwa ajili ya hoja hiyo, zitabaki 175. Pengo la 175 na 1 haliwezi kuitwa gharama hata na mhasibu mwenye huruma kuliko wote.

Uingereza imetoa ushahidi mwingine, tena wa wazi zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2021 makampuni makubwa manne ya nchi hiyo, EE, O2, Three na Vodafone, yalisema hayakuwa na mpango wa kurudisha tozo za ugenini barani Ulaya. Ilipofika mwezi Juni wa mwaka huo huo, EE ikatangaza kwamba itazirudisha kwa wateja wapya. Vodafone ikafuata, na Three ikafuata. O2 haikufuata: iliendelea kuwahudumia wateja wake Ulaya bila nyongeza, hadi kiwango cha gigabaiti 25. Iwapo gharama ndiyo iliyoyalazimisha yale matatu, haielekei ni kwa muujiza gani hiyo ya nne iliweza kuishi, katika soko lile lile, kwa minara ile ile ya Hispania na Ufaransa.

Watunga mkataba nao wana sehemu yao ya lawama. Mkataba wa biashara baina ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, uliofikiwa Desemba 2020, uliyagusa malipo ya ugenini kwa maneno laini ya kushirikiana katika kuhimiza bei zilizo wazi na za kadiri. Mtumishi wa serikali aliyepata kuandika waraka anajua kuhimiza kuna nguvu kiasi gani. Mwingereza asiye na kibali cha ukazi huruhusiwa kukaa katika eneo la Schengen siku 90 katika kila siku 180. Akizitumia zote katika nyumba yake, kwa paundi 2 kila siku, ameshatoa paundi 180 ambazo mwaka 2019 zilikuwa zake.

Haina maana kwamba ndani ya Umoja wa Ulaya mambo yamekamilika. Sheria inayomlinda msafiri ilitungwa kwa ajili ya mtu wa safari ya wiki mbili, na mwenye nyumba hukaa zaidi ya hapo. Mfini anayeukimbia msimu wa baridi na kukaa Fuengirola tangu Oktoba hadi Machi aweza kukuta kampuni yake imemchunguza kwa miezi minne, ikaona kwamba amekuwa zaidi ugenini kuliko kwao, na ametumia simu zaidi huko. Hapo hupewa notisi ya siku 14, kisha nyongeza huanza, ingawa haiwezi kuzidi kile kikomo cha bei ya jumla. Hilo laweza kuvumiliwa. Lisilovumilika ni lile linalompata akitaka kuweka intaneti ya waya nyumbani mwenyewe. Sheria ya Umoja huo inaruhusu mkataba kumfunga mteja hadi miezi 24. Nyumba hukaliwa miezi miwili au mitatu kwa mwaka. Ada hulipwa kwa miezi kumi na miwili. Akijaribu kuponea kwenye kadi ya malipo ya kabla, aliyoandikishwa kwa pasipoti yake, hurudi mwaka unaofuata na kuikuta imefungwa kwa sababu haikuongezwa salio, na namba aliyowapa fundi na majirani imekufa pamoja nayo.

Na nyumba tupu ndiyo inayohitaji mawasiliano kuliko nyumba yenye watu. Katika milima ya Alps bomba lisilopashwa moto hupasuka kwa barafu. King'ora cha wezi, kamera ya mlangoni na kifaa cha kupima joto huhitaji intaneti kidogo sana, lakini kila siku. Mkataba unaomfaa mtu huyu, wa kiwango kidogo wakati wa upweke na kikubwa wakati wa likizo, ni rahisi kuubuni. Yapo makampuni machache yanayoutoa. Mengine hayana haraka, maana kumwuzia mtu miezi tisa asiyoitumia ni biashara nyepesi kuliko zote.

Hoja moja ya makampuni ni nzito, na haki inadai itajwe. Kisiwa kama Mallorca hufurika wageni mwezi Agosti, na minara yake lazima ijengwe kwa hesabu ya mwezi huo, ingawa Januari itasimama bila kazi. Nani alipe? Mkulima wa Mallorca asilipishwe kwa ajili ya mgeni. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyokusudiwa kufanywa na bei ya jumla, inayokwenda moja kwa moja kwa mwenye mnara. Zile paundi 2 za kila siku hukusanywa na kampuni ya Uingereza, na hakuna sheria inayoilazimisha kupeleka hata senti yake kwenye mnara wa Mallorca.

Msomaji wa Tanzania asidhani kwamba haya ni ya Ulaya peke yake, wala kwamba Ulaya ndiyo iliyotangulia kuyafikiri. Septemba 2006, miezi tisa kabla ya kile kikomo cha kwanza cha Brussels, kampuni ya Celtel ilikuwa imekwisha kuwaunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania katika mtandao mmoja, wakapokea simu bila malipo na kupiga kwa bei ya wenyeji. Lakini lilikuwa tendo la kampuni moja kwa wateja wake, na Celtel yenyewe iliuzwa na kubadilishwa jina zaidi ya mara moja. Serikali zilikuja kuingia mwaka 2014, pale Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza utaratibu wa eneo moja la mawasiliano, kupokea simu kukawa bure na kupiga kukawekewa kikomo cha senti 10 za Marekani kwa dakika. Tanzania na Burundi hazikuwa miongoni mwa walioanza. Mwalimu anayefundisha Namanga au Mutukula, ambaye simu yake yaweza kushika mnara wa jirani bila yeye kutoka darasani, anaelewa maana ya jambo hilo kuliko mtaalamu yeyote.

Uingereza yapasa irudishe katika sheria kile ilichokiacha kwenye hiari, na kwa kuwa O2 imeonyesha kwamba inawezekana, hakuna udhuru wa kiufundi uliobaki. Umoja wa Ulaya nao uyaamuru makampuni kutoa mkataba wa msimu kwa nyumba isiyokaliwa mwaka mzima. Na katika Afrika ya Mashariki, nafuu iliyopatikana katika sauti iingizwe na katika intaneti, kwa kanuni zilizotiwa sahihi na nchi zote wanachama, isiachwe mikononi mwa matangazo ya biashara. Kanuni ya Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, 2022, ina muda wa miaka kumi. Itakwisha tarehe 30 Juni, 2032, na makampuni yameshaitia alama tarehe hiyo katika kalenda zao.