Siku za Mtoto Ziandikwe



Twaomba nafasi ndogo tuseme juu ya jambo lionekanalo kuwa la waganga peke yao, kumbe sehemu yake moja i mikononi mwetu makarani.

Mtoto mchanga huzaliwa na vitamini K haba mno, nayo ndiyo ini hutumia kufanyiza vitu vya kugandisha damu. Kwa hiyo watoto wengine hutoka damu kitovuni, puani au tumboni, na pengine ndani ya kichwa, ambako haionekani. Mwaka 1894 Dokta Townsend wa Boston aliandika habari za watoto 50 wa namna hiyo. Baadaye Henrik Dam wa Copenhagen aliivumbua vitamini hiyo kwa kuchunguza vifaranga vya kuku, akashirikishwa Zawadi ya Nobel ya 1943. Leo sindano moja ya miligramu 1 baada ya kuzaliwa huwakinga walio wengi.

Lakini damu ikitoka, yapasa kupimwa. Sehemu 9 za damu huchanganywa na sehemu 1 ya sitreti izuiayo kuganda. Kisha hutiwa dawa ya kugandisha, na sekunde zikahesabiwa. Hapa ndipo penye hoja yetu. Damu ya mtoto mchanga, hata asiye na ugonjwa, kwa kawaida hukawia kidogo katika kipimo hiki kuliko ya mtu mkubwa. Sekunde zilizo sawa kwa mtoto wa siku mbili zaweza kutia shaka kwa baba yake. Basi karatasi iliyoandikwa “mtoto” tu humwacha mpimaji akibahatisha.

Wako watakaosema kwamba kazi ya karani ni kunakili aliyoambiwa. Sisi twasema, asipoambiwa na aulize: mtoto ana siku ngapi, alizaliwa kabla ya miezi kutimia, amekwisha kupata sindano ya vitamini K? Maswali matatu hayachukui hata dakika moja. Mtoto wa kilo 3 ana damu kiasi cha mililita 240 tu mwilini mwote; haifai achomwe tena kwa sababu ya uvivu wa kalamu. Wala mtoto atokaye damu asicheleweshwe mlangoni kwa ajili ya karatasi: apelekwe kwa mganga kwanza, maandishi yafuate.

Na sisi tulio wazazi, tuulize habari za sindano hiyo siku ile ile mtoto azaliwapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.