Msichana Aulizaye Hastahili Kufukuzwa Shuleni

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, lipo swali ambalo msichana wa shule ya upili katika mji mdogo hathubutu kumwuliza mtu: mbona wenzangu huzungumza juu ya wavulana, ilhali moyo wangu umemwelekea msichana mwenzangu?

Katika mji kama huo siri haina maficho. Mwalimu wa zamu, mwenye duka na kiongozi wa kwaya huenda wakawa watu wa ukoo mmoja. Neno likitamkwa bwenini jioni, asubuhi limekwisha kufika sokoni. Ndiposa msichana hunyamaza. Na barua yake ikiokotwa chini ya godoro, husomwa mbele ya gwaride, naye hutumwa nyumbani kwa mzazi aliyeuza mbuzi ili kulipa karo. Je, hapo shule imefunza nini?

Watetezi wa hatua hiyo hudai kuwa sheria iko upande wao. Dai hilo lafaa kuchunguzwa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha Mei 2019, huadhibu tendo. Hakiadhibu hisia wala swali. Kwa upande mwingine, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kumpiga mwanafunzi au kumtesa kiakili, nayo Katiba ya 2010, katika kipengele cha 53, yaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo limhusulo. Basi anayemwaibisha msichana hadharani ndiye apaswaye kuisoma sheria upya.

Wapo pia wasemao kuwa huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliyaondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa Mei 1990.

Mwishoni mwa mwaka 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alisema wanafunzi wa aina hiyo waende shule za kutwa karibu na kwao. Lakini kwa msichana wa mji mdogo, shule ya kutwa ni mtaa uleule, wenye macho yaleyale na ndimi zilezile. Kumhamisha si kumsaidia. Ni kumwondoa machoni petu tu.

Hatumwambii mzazi aiache imani yake, wala hatumtaki mwalimu ajifanye hakimu wa mambo ya moyo. Tunalodai ni dogo. Mwalimu mshauri amsikilize, aitunze siri yake, na asimbandike jina ambalo yeye mwenyewe hajajipa. Umri wa miaka 15 ni umri wa kujitafuta, na anayejitafuta hahitaji kusukumwa huku wala kule. Nanyi wanafunzi, jina la mwenzenu lisiandikwe kwenye ukuta wa choo, wala barua yake isipelekwe ofisini kwa kutafuta sifa.

Msichana huyo akifukuzwa, swali lake halibaki langoni, huenda nalo. Tofauti ni kwamba sasa atalibeba bila masomo, bila marafiki na bila mtu mzima wa kumwamini. Mwalimu aliyeapa kulea na akubali kulisikia swali hilo hata kama hana jibu lake.