Subira Isiyo Dawa

Mara tatu katika wiki moja nilifungua kompyuta yangu ya mapajani baada ya kuilaza, nikakuta taa inawaka, feni inazunguka, lakini kibao cha kugusa kimekufa. Fundi mmoja akaniambia, "Bwana, tia subira ya milisekunde 200 kwenye draiva, itapona." Nikatia, ikapona. Nilipoweka toleo jipya la Linux, ikaugua tena.

Tangu hapo nina ugomvi na dawa hiyo.

Kulaza kompyuta ni kazi ya zamu. Linux hulaza kifaa mtoto kabla ya mzazi, na wakati wa kuamka huanza mzazi, kwani huwezi kusema na mtoto kwa kupitia mzazi aliyelala. Ni busara. Lakini vifaa vina madeni nje ya ukoo. Kibao changu ni mtoto wa njia ya I2C, hali umeme wake unatoka kwenye kirekebisha umeme cha tawi jingine kabisa. Ukoo haujui habari hiyo. Zamani vifaa viliamka kimojakimoja, kwa kufuata zaidi mpangilio wa kusajiliwa kwake, na mara nyingi bahati ilificha kasoro. Mwaka 2010 vikaanza kuruhusiwa kuamka sambamba ili kuokoa muda, bahati ikapungua. Draiva yangu ilikuwa ikikiita kifaa ambacho umeme haujakifikia.

Subira hairekebishi hilo. Inabahatisha tu kwamba labda umeme utakuwa umefika, na kila kuamka inatoza muda hata pasipo haja. Wengine (hawa ndio hunichosha zaidi) huisogeza kazi yao ya kulaza hadi hatua ya mwisho. Je, wote wakisogea mwisho, nani atakuwa wa mwisho?

Toleo 4.10 la mwaka 2017 lilileta viungo vya vifaa: unatamka kwamba huyu anamtegemea yule, na mfumo wenyewe unapanga mtegemezi alale kwanza, mtoaji aamke kwanza. Ukitamka mzunguko, A amtegemee B na B amtegemee A, unakataliwa hapohapo.

Wataniambia subira ni rahisi na kompyuta inafanya kazi. Inafanya kazi mezani kwako, kwa toleo la leo.

Nilifuta milisekunde zangu 200, nikaandika kiungo. Fundi alipoona, akacheka: "Sasa umepunguza nini?" Nikafunga mfuniko, nikaufungua, nikamwachia kibao akiguse mwenyewe.