Mlango wa Shahada ya Kompyuta Haufunguliwi Chuoni



Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, wazazi wa mashamba ya chai na miwa, pamoja na wenzetu wa viwandani, hutujia ofisini na swali moja: "Mtoto wangu anataka kusomea kompyuta mpaka apate digrii. Chama kitanisaidiaje?" Swali hili ni zuri na linatupa moyo. Lakini mara nyingi huletwa likiwa limechelewa kwa miaka miwili, na ndiyo sababu tumeamua kulieleza hapa waziwazi. Wengi wetu tunaoendesha kazi ya chama katika matawi tuliishia darasa la saba. Hatujifanyi walimu. Tunayoyasema tumeyajua kwa kufuatana na watoto wenu mpaka kwenye milango ya vyuo, mara nyingine tukipokelewa na mara nyingine tukirudishwa.

Kwanza tueleze kwa nini jambo hili ni la chama kizima, si la mzazi mmoja mmoja. Zamani karani wa mizani alikuwa na penseli na daftari. Akikupunja kilo mbili ulimwona kwa macho, na wenzako kwenye foleni walikuwa mashahidi. Siku hizi katika mashamba mengi mizani ni ya umeme, hesabu inaingia katika kompyuta, na kompyuta ndiyo inayotoa karatasi ya mshahara. Katika shamba moja wachumaji walilalamika kwamba kila siku kilo zao zinapungua. Tulipokwenda kuuliza tulijibiwa: "Ndivyo kompyuta inavyosema." Tukanyamaza! Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua kwamba kompyuta haisemi neno ila lile iliyoamriwa na mtu. Baada ya miezi kadhaa kijana mmoja wa pale shambani, aliyekuwa akisoma chuo kikuu, alikuja likizo. Alikaa na karatasi za wiki tatu, akatuonyesha kwamba uzito wa gunia ulikuwa unatolewa mara mbili: mara moja na karani kwenye mizani, na mara ya pili ndani ya mashine. Tulirudi kwa meneja tukiwa na hesabu mkononi, na hesabu ikarekebishwa. Kijana yule alituzidi kitu kimoja tu: alisoma.

Sasa, inatakiwa nini ili mtoto wa mchuma chai au mkata miwa apate shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta? Tuchukue mfano wa Makerere, kwa kuwa ndicho chuo kikongwe kuliko vyote hapa Uganda, kilichoanza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi. Masomo ya shahada hii ni ya miaka 3. Anayeingia moja kwa moja kutoka shule anatakiwa awe na cheti cha kidato cha nne, kisha awe amefaulu kidato cha sita angalau masomo makuu mawili katika mtihani wa mkupuo mmoja. Na katika masomo hayo makuu, hisabati ndiyo nguzo. Wanapopanga waombaji, alama za masomo hazihesabiwi sawa. Masomo ya lazima kwa kozi hiyo huzidishwa mara 3, yanayofuata mara 2, mengine mara 1 au chini yake. Kwa sayansi ya kompyuta, hisabati imo katika kundi la mara 3. Tena ndugu zetu wajue kwamba kufikia kiwango cha chini si kupata nafasi. Kiwango hicho kinakupa ruhusa ya kuomba tu, kisha mnashindana.

Hapa ndipo watoto wetu wanapokwama. Mpaka kidato cha nne hisabati ni lazima kwa kila mwanafunzi. Akiingia kidato cha tano, anachagua masomo makuu matatu, halafu anaongezewa masomo madogo, na moja ya hayo madogo ni kompyuta. Mtoto aliyezoea kuanguka hisabati kwa sababu shule yake haikuwa na mwalimu, huchagua historia, jiografia na dini, kisha anachukua kompyuta kama somo dogo. Mzazi anaona neno kompyuta kwenye ripoti, anafurahi, anauza mbuzi. Miaka miwili baadaye tunafika naye chuoni, na karani wa udahili anauliza: "Hisabati iko wapi?" Haipo. Tumelishuhudia jambo hili kwa binti mmoja mwenye akili nyingi, ambaye mama yake alichuma chai miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemdhulumu siku ile chuoni. Alikuwa amefungiwa mlango siku alipochagua masomo ya kidato cha tano, na siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa karibu naye kumwambia.

Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa kupanga nafasi, na wasichana wengi walinufaika. Lakini pointi hizo haziwezi kumpa msichana hisabati ambayo hakuisoma.

Wengine watauliza: kwani kompyuta si kubonyeza vitufe? Hisabati yote hiyo ya nini? Jibu liko katika yale wanayofundishwa. Kazi ya kupiga chapa si sehemu ya shahada hii. Mwanafunzi husoma mantiki na hesabu, takwimu, na namna ya kuandika programu, yaani zile amri zinazoiongoza mashine hatua kwa hatua. Husoma jinsi mashine yenyewe ilivyoundwa ndani, jinsi ya kuhifadhi kumbukumbu za maelfu ya watu bila kuzichanganya, na jinsi kompyuta nyingi zinavyounganishwa zikazungumza. Huenda kazini kwa muda akajifunze kwa vitendo, na mwaka wa mwisho hutengeneza kazi yake mwenyewe na kuitetea mbele ya walimu. Anayeanguka somo hulirudia mpaka alifaulu, vinginevyo shahada haitoki. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeweza kuifungua hesabu ya mizani na kuona palipo na kosa. Aliyesoma miezi mitatu mjini akapewa cheti cha kompyuta anaweza kuandika barua na kupanga majina, na kazi hiyo ni ya heshima, lakini asidanganywe kwamba amepita nusu ya njia ya shahada.

Mlango wa moja kwa moja si pekee. Uko mlango wa pili, wa stashahada. Kijana anaweza kusoma stashahada ya fani hiyo katika chuo kinachotambuliwa, akafaulu vizuri, kisha akaomba shahada. Uko na wa tatu, ambao wafanyakazi wengi hawajausikia: mtihani wa watu wazima. Mtu aliyefika miaka 25 anaweza kuufanya, na akifaulu anaruhusiwa kushindania nafasi ya chuo kikuu. Fundi wa kiwandani mwenye miaka thelathini asiseme wakati wake umepita. Lakini naye ajue kwamba mtihani huo unampima, na katika sayansi ya kompyuta hawezi kuikwepa hesabu.

Na kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi aulize jambo hili: je, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu limekitambua chuo hiki, na programu hii yenyewe imekubaliwa nalo? Baraza hilo liliwekwa na sheria ya mwaka 2001 kwa kazi hiyo hasa. Kulipenda jengo zuri na bango barabarani hakutoshi.

Kuhusu fedha, tuseme ukweli bila kupaka asali. Nafasi zinazolipiwa na serikali katika vyuo vikuu vyote vya umma ni kama 4,000 kwa mwaka, na baadhi zimegawiwa wilaya. Mkopo wa wanafunzi ulioanza mwaka 2014 uliwalenga hasa wanaosoma sayansi, lakini ulipangwa kulipa ada. Chakula na kitanda vilibaki shingoni mwa mzazi. Kwa mshahara wa kuchuma chai, mzigo huo peke yake unamvunja mtu mgongo. Ndiyo maana matawi yetu yaliunda mifuko ya elimu.

Na hapa hatuna budi kujikosoa wenyewe. Katika tawi moja tulijadiliana na mwajiri kuhusu shule ya shambani, tukapata kompyuta kumi. Tulipiga picha, tukashangilia, tukaandika katika ripoti yetu kwamba tumeleta maendeleo. Tuliporudi baada ya miaka miwili kompyuta zilikuwa zimefunikwa vitambaa, na shule ilikuwa haina mwalimu wa hisabati kwa mihula mitatu. Tuliomba kitu kinachoonekana, tukakisahau kile kinachofungua mlango. Kosa lilikuwa letu, si la mwajiri peke yake. Halafu mifuko yetu ya elimu nayo inamngoja mtoto amalize kidato cha sita ndipo imsaidie. Ni sawa na kumwagilia mahindi siku ya kuvuna.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo haya mbele ya matawi yote, yajadiliwe kabla ya mikataba ya pamoja kufunguliwa tena. Kwanza, katika kifungu cha ustawi tudai mwalimu wa hisabati na nyumba ya kumkalisha, kabla ya kudai mashine yoyote. Pili, mfuko wa elimu uanze kumsaidia mtoto kutoka kidato cha tatu, wakati hisabati bado inaweza kuokolewa. Tatu, kila tawi liwaite wazazi na watoto wa kidato cha nne kabla hawajachagua masomo ya kidato cha tano, na waelezwe kwa lugha wanayoielewa tofauti ya somo kuu na somo dogo. Nne, wenzetu waliofikisha miaka 25 waandikiwe madarasa ya jioni kujiandaa na mtihani wa watu wazima.

Tunajua wapo wanaosema: "Mkimsomesha atakwenda Kampala, na kesho ataandika programu ya kutupunja sisi sisi." Hatulipuuzi neno hilo. Baadhi wataondoka, na huenda mmoja akakaa upande wa mwajiri. Lakini programu zinaandikwa sasa hivi, tusomeshe tusisomeshe, na zinaandikwa na watu ambao hawajawahi kubeba kikapu cha chai mgongoni. Mtoto aliyekulia katika kambi anajua uzito wa kilo moja ni jasho la nani. Na hata akibaki mmoja tu kati ya kumi anayekuja likizo na kukaa na karatasi zetu wiki nzima, tumekwisha kuona nini mtu mmoja anaweza kufanya.

Basi, ndugu mzazi, jioni hii usimuulize mtoto wako kama anaipenda kompyuta. Mwombe daftari la hisabati ulitazame. Hata kama huwezi kulisoma, utaona kama lina alama za mwalimu au halina. Likiwa halina, njoo tawini na wenzako, tulipeleke jambo hilo mezani kwa mwajiri pamoja.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.