Msiisingizie Pampu

Ukitaka kumtisha mtu mzima mwenye pumu, mwambie pampu "inazoesha". Ukitaka asiiguse tena, ongeza kwamba inaleta sukari. Maneno haya utayasikia msibani, kwenye daladala, hata kwenye kaunta za maduka ya dawa. Mtu anaificha pampu kabatini, na kifua kikimbana anakimbilia prednisolone, vile vidonge vidogo vya bei chee, akiamini ndiyo njia salama.

Kumbe ameikimbilia sukari yenyewe.

Pampu ya kuzuia pumu yenye beclometasone, kwa dozi ndogo, ni mikrogramu 200 hadi 500 kwa siku, na dawa inalenga mapafu. Prednisolone ya shambulio la pumu ni miligramu 40 hadi 50 kwa siku, siku tano hadi saba, nayo inaingia damuni na kuenea mwili mzima. Nguvu za dawa hizi hazilingani gramu kwa gramu, sawa, lakini pengo hilo si la kubishania. Prednisolone ikishaenea, ini linamwaga sukari zaidi, misuli inazembea kuipokea. Kwa anayemeza asubuhi, sukari hupanda zaidi mchana na jioni. Akipima alfajiri kabla ya kula anakuta shwari, kisha lawama inarudi kwa pampu!

Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa pumu Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kisukari zaidi kwa waliopewa steroidi zinazoenea mwili mzima, kama prednisolone, kuliko kwa wenzao. Baadhi ya madhara yalianza kujitokeza jumla ya dozi ilipofika kati ya nusu gramu na gramu 1. Piga hesabu: miligramu 40 kwa siku tano, mara tano, umeshafika gramu.

Pampu ya dozi kubwa kwa miaka mingi inaweza kuisogeza sukari kidogo. Hilo ni la kuzungumza na daktari apunguze dozi. Na aliyebanwa vibaya asikatae prednisolone, inaokoa maisha. Mwenye kisukari apime mara nyingi zaidi siku hizo. Ninachokipinga ni kuifanya prednisolone kuwa matibabu ya kila mwezi kwa sababu ya uvumi. Hata pampu ya bluu, ile ya kutuliza haraka, peke yake haitoshi: inafungua njia ya hewa, uvimbe unabaki, na tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haushauri kuitegemea hiyo tu.

Anayelalamikia bei ya pampu ya kuzuia namwelewa kabisa. Hiyo ndiyo kesi ya kuipeleka kwa kampuni za bima na serikali.