MAONI YETU: TUMUULIZE SAMAKI UMRI WAKE

Ndugu wanaushirika,

Bamvua iliyopita kokoro lilivutwa tena pale kwenye majani, likatoa ndoo mbili za tasi wadogo kama kidole. Tulipouliza, tukajibiwa: "Hao ndivyo walivyo, hawakui." Jamani, hebu tumuulize samaki mwenyewe.

Kila aliyekula kichwa cha changu amekutana na vijiwe viwili vyeupe, vigumu. Ni vijiwe vya masikio. Humsaidia samaki kusikia na kukaa sawa majini. Tangu uchanga wake, kila siku kijiwe huongezewa tabaka jembamba, nalo huacha pete. Mtaalamu Giorgio Pannella alieleza jambo hilo mwaka 1971. Kijiwe husagwa mpaka kiwe chembamba, kikatazamwa kwa hadubini, pete zikahesabiwa. Pete 40 ni kama siku 40, ila kwa aina nyingine pete ya kwanza huchelewa siku chache baada ya yai kuanguliwa. Ndiyo maana wataalamu hufuga kwanza vifaranga ambao siku yao ya kuanguliwa inajulikana, wakalinganisha.

Pete husema zaidi ya umri. Zikiachana, samaki alikuwa akikua vizuri. Zikibanana, alikua polepole, pengine kwa njaa au maji ya baridi. Kwa samaki mzee hubanana mno, hazihesabiki. Hapo hutafutwa alama za mwaka. Lakini kwa mchanga, hakuna shahidi bora.

Basi ukubwa peke yake unadanganya. Dagaa wa urefu wa kidole ni mtu mzima. Tasi wa urefu huo ni mtoto. Umri wake huhesabiwa kwa siku, si kwa miaka, na hajapata kutaga hata mara moja. Ndoo mbili zile zilikuwa mitego ya mwakani imejaa.

Tunajua wenzetu wanaovuta wana watoto wa kulisha, na karo haingoji. Lakini sheria inakataza kokoro, na majani yale ndiyo malezi ya samaki wetu sote. Tunapendekeza mkutano ujao uamue mambo mawili: majani yasiguswe, na wenye kokoro wakopeshwe nyavu za macho makubwa kutoka mfuko wa ushirika.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Njooni tuseme.

Mhariri